Maswali Yenu: Rekodi Vya Kutosha Kabla Hujaondoka

Nina mahojiano ya dakika 40 na mpara samaki wa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Mhariri kanirudishia, eti picha hakuna. Hizo dakika 40 ni nini? (Msomaji, Temeke)

Ni uso mmoja unaoongea. Habari yako ni ya dakika tatu, na kila utakapokata maneno yake uso utaruka kwenye skrini, kwa sababu huna picha ya kufunikia. Umesimama Feri, mnada unapigwa, boti zinashusha, magamba yanaruka mpaka kwenye lenzi, ukarudi nyumbani bila hata mikono yake! Inaniuma kila nikiliona hili, na naliona kila wiki.

Rudi, tena alfajiri, maana mchana utakuta meza zinaoshwa. Kabla ya kumkalisha mfuate akiwa kazini. Piga picha ya kisu na vidole kwa karibu, kisha uso ukiwa umeinamia kazi, kisha simama nyuma ya bega lake uone anachokiona yeye, halafu rudi nyuma hadi meza na wateja waingie wote. Kila picha ishike sekunde 10, kamera imetulia, usivute picha karibu (zoom) wala kuzungusha kamera. Samaki mmoja tu, tangu anapowekwa mezani hadi anapoingia kwenye mfuko wa mteja, anatosha kukupa shoti (vipande vya picha) nane zinazoungana.

Wakati wa mahojiano andika kila alichokitaja kinachoonekana kwa macho. Kataja deni? Omba daftari la madeni. Kalalamikia bei ya barafu? Ifuate barafu. Yote hayo kabla hujapanda daladala.

Ninunue kamera au simu inatosha? (Wengi)

Simu inatosha. Nimelijibu hili mno. Pesa hiyo nunua maiki ya kubana kwenye nguo, kwa sababu mtazamaji huvumilia picha hafifu lakini sauti ya upepo inamfukuza. Ukimaliza kuhoji, waombe watu wanyamaze nusu dakika, urekodi sauti ya mahali penyewe: feni, jenereta, bahari. Bila hiyo, kila mkato utasikika.

Nikirekodi ofisini taa zinachezacheza kwenye video. Ni mbovu? (Msomaji, Dodoma)

Ni nzima. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na simu nyingi huja zimepangwa fremu (picha) 30 kwa sekunde, kwa hiyo haviendi sambamba. Weka fremu 25, na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) sekunde 1/50.

Watu husema mambo mazito kamera ikishazimwa. Niiache ikirekodi bila kuwaambia? (Msomaji, Mwanza)

Usithubutu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, huyo mtu amekukaribisha kwake kwa kukuamini, na wewe utaondoka, yeye atabaki na majirani zake.

Jiulize kwanza kwa nini hakuyasema mapema. Mara nyingi ni kwa sababu unamkimbiza. Hajamaliza kuvuta pumzi, umeshatupa swali lingine. Anaongea, wewe unaitikia “mmh, sawa sawa” juu ya sauti yake, na hizo huwezi kuziondoa kwenye rekodi. Itikia kwa kichwa. Akinyamaza, nyamaza naye. Mwishoni muulize, “Kuna jambo sijakuuliza?” kisha usiseme kitu. Wengi hapo ndipo wanapoanza kuongea kweli. Na akilisema kamera imezimwa, mwombe waziwazi: “Mama, hilo ni zito, turekodi?” Akikataa, limeisha.

Kadi ikijaa katikati ya kazi, nifute zipi? (Msomaji, Mombasa)

Hakuna. Kufuta uwanjani kwa haraka ndiko kunakoondoka na mahojiano ya watu. Beba kadi ya pili na betri ya pili. Usiku huohuo nakili sehemu mbili tofauti, fungua faili moja moja uone zinacheza na zina sauti, ndipo usafishe kadi. Na katika sekunde za kwanza za kila mahojiano, mhojiwa ajitambulishe na kutaja herufi za jina lake. Nimechoka kupigiwa simu saa nne usiku kuulizwa kama ni Mwajuma au Mwanajuma.