Kabla ya kuamua kati ya Let It Be na Let It Be... Naked

Kwa miaka mingi nilikuwa mtetezi mkubwa wa Let It Be... Naked, albamu iliyotoka Novemba 2003 kwa nia ya kuivua Let It Be ya Beatles mapambo aliyoyaweka mtayarishaji Phil Spector mwaka 1970. Kila nilipokutana na mpenzi wa muziki wa roki nilimshauri aanze na hiyo ya 2003, kwa hoja kwamba ndiyo sauti halisi ya bendi ikiwa chumbani, bila violini, bila kinubi na bila kwaya. Nilikosea katika jambo moja la msingi, na ninaandika haya ili wewe unayetaka kuzilinganisha albamu hizi mbili usipite njia ndefu niliyoipita mimi.

Kosa langu lilikuwa wimbo wa The Long and Winding Road. Katika albamu ya 1970 wimbo huo umebebwa na okestra kubwa pamoja na kwaya ya wanawake, na vyote hivyo vilirekodiwa tarehe 1 Aprili 1970, wakati wimbo wenyewe ulikuwa umekwisha kupigwa zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Paul McCartney, mwanabendi aliyeutunga wimbo huo, hakuwapo. Alipousikia, aliandika barua tarehe 14 Aprili akitaka vyombo vilivyoongezwa vipunguzwe sauti na kinubi cha mwishoni kiondolewe kabisa, lakini albamu ilitoka tarehe 8 Mei vilevile ilivyokuwa. Mimi nilipousikia wimbo huo katika toleo la 2003, piano ikiwa wazi na sauti ya McCartney ikiwa karibu kana kwamba anaimba upande wa pili wa meza, niliamini kwamba ninasikia kile kilichokuwa kimefunikwa miaka yote hiyo. Sivyo. Spector alitumia upigaji wa tarehe 26 Januari 1969, ilhali toleo la 2003 linatumia upigaji wa tarehe 31 Januari, siku tano baadaye. Ni sawa na kumsifu fundi kwa kubandua rangi ukutani, kumbe amekupeleka kwenye ukuta mwingine.

Kwa hiyo, kabla hujasema toleo lipi ni zuri zaidi, jiulize kwanza kama unachosikiliza ni upigaji uleule. Ukitaka kujua hasa Spector alifunika nini, tafuta Anthology 3, mkusanyo wa Beatles wa mwaka 1996, ambamo upigaji wa tarehe 26 Januari umewekwa bila nyongeza zake. Sikiliza kwa spika za masikioni, na uache maneno ya wimbo uyafuate mara nyingine. Safari hii lifuate gitaa la besi peke yake. Anayelipiga ni John Lennon, ambaye kwa kawaida hakuwa mpigaji wa chombo hicho katika bendi, na utamsikia akikosea noti mara kadhaa, nyingine akizifikia kwa kuchelewa. Katikati ya wimbo, mahali ambapo katika albamu okestra inapanda, McCartney anaacha kuimba na kuongea kidogo. Ulikuwa upigaji wa watu walio mazoezini.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa Spector, ingawa sijafika mahali pa kukubali kwaya yake. Kwaya yetu ilipokwenda kurekodi kwa mara ya kwanza, prodyuza alijaza sauti za kinanda katika kila pengo, nasi tulikasirika kwa sababu sauti ya nne, ambayo tuliitolea jasho miezi mitatu, ilikuwa haisikiki. Tulidai nakala isiyo na kinanda. Tulipoipata tukakaa kimya, kwa maana pumzi za waimbaji zilikuwa zinakatika ovyo na beti mbili zilikuwa zimeshuka ufunguo. Kinanda kilikuwa kimezidi, na kilikuwa pia kinatusitiri.

Jambo jingine ambalo neno Naked linaweza kukuficha ni kwamba albamu ya 2003 ndiyo iliyosafishwa zaidi kati ya hizo mbili. Mafundi mitambo wa Abbey Road, Paul Hicks, Guy Massey na Allan Rouse, walifanya kazi kwa kompyuta: waliondoa kelele, walirekebisha noti zilizokosewa, na waliunganisha vipande vya upigaji tofauti. I've Got a Feeling ya 1970 ni upigaji mmoja wa kwenye paa la jengo la Savile Row jijini London, tarehe 30 Januari 1969. Ile ya 2003 imeungwa kutokana na mbili za siku hiyohiyo. Spector, anayelaumiwa kwa kupamba, ndiye aliyetuachia maongezi na vicheko kati ya nyimbo. Hata hayo yahitaji tahadhari, kwa sababu Get Back katika albamu yake inaishia kwa maneno ya Lennon aliyoyasema juu ya paa, ilhali wimbo wenyewe ulipigwa ndani, tarehe 27 Januari. Toleo la 2003 limeyafuta maongezi hayo yote, likaziondoa nyimbo za Dig It na Maggie Mae, na kuiingiza Don't Let Me Down, ambayo kwa maoni yangu ndiyo zawadi kubwa kuliko zote katika albamu hiyo. Nayo pia imeungwa kutokana na upigaji mara mbili wa juu ya paa.

Usisahau I Me Mine ya George Harrison. Ilirekodiwa tarehe 3 Januari 1970 bila Lennon, ikawa na dakika moja na nusu tu, na Spector akairefusha kwa kurudia sehemu yake. Toleo la 2003 limeondoa okestra na kubakisha urefu wa Spector. Mkono wake umebaki ndani ya albamu iliyotengenezwa ili kumwondoa.

Nyimbo nyingine nyingi, kama Two of Us, For You Blue na One After 909, hazitofautiani sana, na sikushauri uzihangaikie.

Unapolinganisha, sawazisha ukubwa wa sauti. Diski yangu ya 2003 inalia kwa nguvu kuliko ile ya zamani, na sikio la binadamu huiona sauti kubwa kuwa ndiyo nzuri hata kama tofauti ni ndogo. Ipunguze mpaka ngoma za Ringo Starr zikufikie kwa uzito uleule pande zote mbili. Kisha sikiliza wimbo kwa wimbo, usisikilize albamu nzima kwa albamu nzima, maana mpangilio wa nyimbo umebadilishwa na mpangilio nao una ushawishi wake.

Across the Universe iweke mwisho. Lennon aliirekodi Februari 1968, karibu mwaka mzima kabla ya nyimbo nyingine nyingi za albamu hii, na Spector aliipunguza mwendo, akaiongezea okestra na kwaya, sauti ya Lennon ikawa nzito na ya mbali. Katika toleo la 2003 mwendo umerudishwa, na unasikia gitaa, pumzi na mdomo unaotamka kila silabi. Hapa sina shaka kwamba kuvua kumesaidia. Lakini subiri mpaka mwisho, wakati sauti inaanza kuondoka: kuna mwangwi unaokua kidogo kidogo hadi unameza kila kitu. Huo umewekwa na mafundi wa 2003.