Barua kwa mwanangu: kocha anamtaka mjukuu wangu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nimesoma ujumbe wako mpaka pale unapouliza: "Mama, chuo cha huku Marekani kinamtaka mtoto kwa ajili ya mpira wa kikapu, ingawa alama zake haziwafikii wanafunzi wengine wanaopokelewa hapo. Ni haki? Tukubali?" Nimefundisha hisabati maisha yangu yote, kwa hiyo huenda ulitegemea nigombe.

Sigombi. Kumlegezea mtoto masharti mlangoni si kosa. Mwaka 1983 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kilipitisha kanuni iliyoanza kutumika 1986: mchezaji mpya awe na wastani wa 2.0 kati ya 4 katika masomo 11 ya msingi ya sekondari, kama Kiingereza, hisabati na sayansi, na alama 700 kati ya 1,600 za SAT, mtihani wa kuombea chuo. Januari 1989 wakapiga kura kuikaza, aliyepungukiwa anyimwe hata ufadhili. Tarehe 14 mwezi huohuo John Thompson, kocha wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Georgetown, alitoka uwanjani kabla mechi na Boston College haijaanza, akaiacha timu icheze bila yeye. Aliona kanuni ile inawaumiza watoto wa maskini, wengi wao weusi, waliosoma shule zisizo na kitu. Niko upande wake kabisa. Nimesahihisha madaftari ya watoto wanaochangia kitabu kimoja dawati zima. Alama zao zilinieleza habari za shule kuliko za vichwa vyao. Na tangu 2023 NCAA yenyewe haidai tena mtihani ule.

Kinachonikosesha usingizi ni yatakayompata akishaingia. Chuo Kikuu cha North Carolina, chenye jina kubwa katika kikapu, kuanzia 1993 hadi 2011 kilikuwa na masomo yasiyo na vipindi wala mwalimu. Mwanafunzi anaandika insha moja, karani wa idara anaisahihisha, alama nono inatoka. Zaidi ya wanafunzi 3,100 walipita humo, karibu nusu yao wanamichezo. Mwaka 2017 NCAA ikaamua haiwezi kukiadhibu chuo, kwa kuwa masomo hayo yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote. Mwanangu, huo ni wizi. Mtoto amejaza viwanja miaka minne kwa ahadi ya elimu, na elimu yenyewe hakupewa.

Kwa hiyo angalia wanavyowalea waliokwisha kuwapokea. Kila timu hupewa alama kulingana na wachezaji wanaobaki chuoni na wanaotimiza masharti ya masomo, na NCAA huzitangaza. Kamili ni 1,000. Iliyo chini ya 930 inaweza kufungiwa mashindano. Connecticut, chuo alichochezea Hasheem Thabeet wetu, kilifungiwa mashindano ya 2013 kwa sababu hiyo, na mwaka uliofuata kikarudi kikachukua ubingwa. Itafute alama ya timu inayomtaka kijana, ya miaka kadhaa, si ya mwaka mmoja.

Na kile chuo kingine mnachokifikiria, cha Ivy League, lile kundi la vyuo vikongwe vinane vya Marekani, hakitoi ufadhili wa michezo, hutoa msaada kwa kuangalia kipato cha familia. Jazeni fomu zao hata hivyo.

Sasa, la haraka. Mjukuu wangu yuko darasa la 11. Kucheza daraja la kwanza la NCAA anahitaji masomo 16 ya msingi yenye wastani wa 2.3, na 10 kati ya hayo awe ameyamaliza kabla ya kuanza darasa la 12. Katika hayo 10, saba yawe ya Kiingereza, hisabati au sayansi, na alama za hayo saba zikishafungwa hawezi kuzirekebisha kwa kurudia somo. Ile aljebra aliyoponea chupuchupu airudie likizo hii ya kiangazi. Nipigie kwa video jioni zenu, nitamfundisha mwenyewe.

Na kocha akija nyumbani, mkaribishe vizuri, kisha muulize. Nani atampangia masomo? Kipindi cha maabara kikigongana na mazoezi, kipi kinasogezwa? Akiumia goti asicheze tena, ufadhili unabaki? Majibu yawe kwa maandishi, na uamuzi wa kumpokea utoke ofisi ya udahili. Kocha anaweza kumtaka mtoto leo, kesho akahamia chuo kingine.

Msisaini chochote kabla hujanitumia majibu hayo.

Mama yako