Kipimo kinaiona, chanjo haiitaki: maswali kuhusu H. pylori

SWALI: Ndugu mhariri, ninasomea maabara hapa Tabora. Kipimo cha kinyesi cha H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, hutafuta antijeni zake, yaani sehemu zake ambazo kinga ya mwili huzitambua. Kwa nini basi antijeni hizohizo zisitengenezewe chanjo ya vidonda vya tumbo?
Mwanafunzi, Tabora

JIBU: Kipimo kinahitaji protini iliyo nyingi na isiyoharibika hadi ifike kwenye kinyesi. Chanjo inadai zaidi. Protini iwepo katika aina zote za bakteria huyo, asiweze kukaa tumboni bila hiyo, isifanane na chochote cha mwili wetu, na kinga inayoamshwa nayo ifike hadi kwenye ute wa tumbo.

Jeni za H. pylori ni takriban 1,590 kwa aina iliyosomwa kikamilifu mwaka 1997, lakini orodha ya zinazofaa chanjo hupungua upesi. CagA ndiyo protini inayotajwa sana kwa saratani ya tumbo, ila aina nyingi hazina kabisa. Chanjo ya CagA pekee haizigusi hizo. BabA, inayomshikiza bakteria kwenye ukuta wa tumbo, hubadilika au kuzimwa maambukizi yakiwa yanaendelea. Sukari za gamba lake la nje mara nyingi hufanana na za seli zetu, kwa hiyo tuziache: kingamwili zake zaweza kuligeukia tumbo lenyewe.

Mimi naiweka yurease juu ya zote. Kimeng'enya hiki huvunja urea na kutoa amonia, ambayo hutuliza asidi inayomzunguka bakteria. Binadamu hatengenezi yurease, na bakteria aliyenyang'anywa jeni zake hushindwa kujikita tumboni mwa wanyama wa maabara. Watafiti wa China waliunganisha kipande B cha yurease na kipande B cha sumu ya E. coli, bakteria wa utumbo, wakawanywesha watoto wa miaka 6 hadi 15 dozi tatu: siku ya 0, ya 14 na ya 28. Matokeo yaliyotoka 2015 yalionyesha kinga ya asilimia 71.8 mwaka wa kwanza, kisha ikashuka. Chanjo ya sindano yenye CagA na protini nyingine mbili za H. pylori, VacA na NapA, iliyojaribiwa Ujerumani kwa watu waliojitolea kuambukizwa, ilizalisha kingamwili vizuri lakini haikuwakinga kuliko sindano isiyo na chanjo.

Hapo ndipo wengi hujikwaa: wanapima kingamwili za damu na kutosheka. Panya wasioweza kabisa kutengeneza kingamwili wamekingwa na chanjo ya yurease. Wasio na chembe T za CD4, aina ya chembe nyeupe za kinga, hawakukingika. Kwa hiyo pima chembe hizo, kisha hesabu bakteria waliobaki kwenye tumbo la panya wiki kadhaa baada ya kumwambukiza. Mchunguze pia bakteria unayemtumia. SS1, aina ya H. pylori ya maabara inayoota vizuri kwa panya, hana uwezo wa kuingiza CagA ndani ya seli, hivyo hafai kuipima chanjo ya CagA.

Kwetu, kazi ya kwanza ni kulinganisha yurease ya chanjo na ya bakteria wa wagonjwa wa huku. Hilo linataka kipande kidogo kilichochukuliwa tumboni mwa mgonjwa na kuwahishwa maabara kikiwa kibichi na baridi. Kikikauka au kikikaa hewani kwenye joto, hakioti kitu. Huoteshwa kwa nyuzi 37, oksijeni asilimia 5 hivi, kwa siku 3 hadi 7, wakati mwingine zaidi.

SWALI: Shikamoo daktari. Nimemaliza dozi ya H. pylori ya siku 14, lakini kipimo cha damu bado kinasema ninao. Dawa imeshindwa?
Mama wa Ujiji, Kigoma

JIBU: Marahaba, mama. Si lazima iwe imeshindwa. Kipimo cha damu huona kingamwili, nazo hubaki miezi mingi baada ya bakteria kuisha. Omba kipimo cha antijeni kwenye kinyesi, angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibaotiki. Kama unameza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, muulize daktari wako kama unaweza kuisimamisha wiki 2 kabla ya kupima, kwani hupunguza bakteria kiasi cha kipimo kutowaona ingawa wapo.