Unguja hadi Maskati: saa moja imekwenda wapi?

SWALI: Mwanangu ameolewa Maskati, amenikatia tiketi ya ndege isiyotua njiani kutoka Unguja. Imeandikwa kuondoka 10:00, kufika 16:30. Mimi nahesabu masaa sita na nusu, mjukuu wangu anashikilia ni matano na nusu. Nani mkweli?
Bibi wa Kikwajuni

JIBU: Shikamoo bibi. Mjukuu kapatia. Oman iko mbele yetu kwa saa moja mwaka mzima. Hawasogezi saa kama Wazungu. Ukitua, saa yako ya mkononi itasema tisa na nusu, ya kule kumi na nusu.

Umbali wa moja kwa moja ni kama kilomita 3,900. Ndege ikishatulia juu hukata kilomita 800 na zaidi kwa saa, ila kupanda, kushuka na kujikokota uwanjani nako kunakula muda. (Wazee wetu walingoja kusi ndipo jahazi liende huko, na safari ilikuwa ya wiki kadhaa, basi tusilalamike.) Kurudi utacheka: kwa hesabu yako yatatoka kama manne na nusu tu.

Mimi naogopa jingine. Tiketi huhesabu kuanzia usiku wa manane. Ukiona 04:00, hiyo ni saa kumi alfajiri, si saa nne. 22:00 ndiyo saa nne usiku. Wapo walioachwa na ndege kwa hilo. Mjukuu akuandikie saa zetu kwa kalamu juu ya tiketi yenyewe, na uwanjani ufike masaa matatu kabla.