Re: Nenosiri la akaunti ya kikundi akae nalo nani?

Mkuu umeuliza nenosiri la akaunti za mitandaoni za kikundi chetu cha Linux (ule mfumo huria wa kompyuta) hapa Tanga akae nalo nani, mi nasema asikae nalo mtu mmoja. Leo yuko Ngamiani kesho kapata kazi Dodoma, kabadili laini, na ile code ya kuthibitisha unapoingia bado inaenda kwenye namba ya zamani, hapo mmekwisha. Fungueni akaunti kwa imeili ya kikundi, watu watatu hivi wawe nalo, code za akiba (za kuingilia ile ya simu ikikosekana) mziprinti mzifungie mahali.

Cheki Debian, wale wanaotengeneza mfumo mmojawapo wa Linux, wana timu ya habari, tangazo fupi linaandikwa kwenye Git (programu ya kutunza kila badiliko la faili), linapitiwa na wenzio ndo linatoka kwenye tovuti yao ya micronews halafu linasambaa mitandaoni. Mwanzoni mwa 2025 walitangaza hawaposti tena X (zamani Twitter), na waliweza kwa sababu habari wanaziweka kwao kwanza. Sasa nyie mkitegemea Facebook tu, ikifungwa mnabaki na nini?

Siasa zisipite kwenye akaunti ya kikundi, wala utani wa timu zetu za mpira, Coastal na African Sports (najua itawauma), mwenye hamu aende akaunti yake. Ila watu wakiuliza mjibu basi, akaunti ya kuposti tu inaboa.