Pointi za hoteli na Italia: usingoje jina libadilike mlangoni

Kama una pointi za Marriott, kundi la hoteli la Marekani linalowapa wageni wake pointi za kulipia vyumba, ulizozikusanya kwenye safari za kikazi, na nia yako ni kuzitumia Italia kwenye zile hoteli kongwe zinazotazama maji, nenda mapema. Hoteli hizo nimezifuatilia kwa muda mrefu, mojawapo nimelala kwa pointi, na nimeishuhudia orodha yao ikipungua. Wasomaji wamekuwa wakiniuliza mbona hoteli fulani ya Sardinia au Venice haionekani tena kwenye app. Jibu lake lina historia ndani yake, na historia hiyo inatugusa sisi wa Afrika Mashariki kuliko wengi wanavyodhani.

Mwaka 1906 mfanyabiashara wa Venice, Giuseppe Volpi, alianzisha kampuni ya hoteli iliyokuja kujulikana kwa kifupi kama CIGA. Kwa miaka mingi ndiyo iliyoshika hoteli za fahari za Italia: Danieli na Gritti Palace za Venice, Excelsior ya kisiwani Lido, Principe di Savoia ya Milan, na nyingine Roma na Florence. Mwaka 1985 CIGA ikaingia mikononi mwa Aga Khan. Naam, ni yule yule Mtukufu Aga Khan wa Nne, aliyefariki Februari 2025, ambaye jina lake kwetu liko kwenye hospitali, shule na hoteli za Serena. Zaidi ya miaka ishirini kabla ya hapo, mwaka 1962, yeye na wenzake walikuwa wameanza kuujenga mwambao wa kaskazini mashariki mwa Sardinia na kuuita Costa Smeralda. Ulikuwa mwambao wa mawe na wafugaji. Wakajenga mji wa Porto Cervo na hoteli zilizokuja kuwa maarufu duniani: Cala di Volpe, Pitrizza na Romazzino.

Mwaka 1994 CIGA ikachukuliwa na ITT Sheraton. Mwaka 1998 Starwood, kundi jingine la hoteli, ikainunua ITT na hoteli zile za Sardinia nazo zikawa mikononi mwake, na mwaka 2016 Marriott ikainunua Starwood. Hivyo ndivyo mtu aliyekuwa akilala Protea ya Dar es Salaam kwa semina za ofisi (Protea nayo ilinunuliwa na Marriott mwaka 2014) alivyojikuta ana pointi zinazoweza kumfungulia chumba Danieli. Kwa watu wa kipato cha kawaida kama sisi, huo ulikuwa mlango ambao pesa taslimu zisingeufungua. Ndiyo maana kufungwa kwake kunaniuma.

Sasa tazama kilichotokea. Principe di Savoia iliuzwa mwaka 2003 na leo iko chini ya Dorchester Collection. Pale Lido, hoteli ya Des Bains ilifungwa mwaka 2010, na Excelsior, ambayo mtaro wake ndiko tamasha la filamu la Venice lilikozaliwa mwaka 1932, nayo haimo tena kwenye kundi la Marriott. Romazzino ya Sardinia ilitoka, na kuanzia msimu wa 2024 inaendeshwa na Belmond, kampuni iliyo chini ya LVMH ya Ufaransa. Danieli yenyewe, yenye jumba la karne ya 14 hatua chache kutoka uwanja wa San Marco, mwenye jengo ameamua iende Four Seasons.

Niseme ukweli wote, nisije nikawatisha watu bure. Marriott haihami Italia. Kule Venice bado ina Gritti Palace, ina JW Marriott kwenye kisiwa cha Isola delle Rose, na ile iliyokuwa Westin Europa & Regina imekuwa St. Regis tangu 2019. Kinachopungua ni zile nyumba za kale za CIGA, hasa zile za mwambaoni, na kila moja inayoondoka haina mbadala wake. Hoteli mpya zinazoingia ni nzuri, lakini hakuna anayesafiri kutoka Mombasa kwenda Sardinia kwa ajili ya chumba kinachofanana na cha uwanja wa ndege.

Kwa nini zinaondoka? Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu tunadhani jina lililo juu ya mlango ndilo lenye nyumba. Sivyo. Marriott yenyewe iligawanyika mwaka 1993: kampuni moja ikabaki na majengo, nyingine ikabaki na jina na kazi ya kuendesha. Tangu hapo biashara kubwa ya hoteli duniani imekwenda njia hiyo. Mwenye jengo ni mmoja, mwendeshaji ni mwingine, na kati yao kuna mkataba wenye tarehe ya mwisho. Costa Smeralda ni mfano safi kabisa. Starwood iliyauza majengo yake ya kule mwaka 2003 kwa Colony Capital ya Marekani, lakini ikaendelea kuziendesha hoteli zile zile kwa mkataba. Mwaka 2012 Qatar ikanunua. Mgeni aliyelala pale mwaka 2002 na akarudi 2013 aliona jina lile lile, kumbe mwenye nyumba amebadilika mara mbili. Halafu anakuja mwendeshaji mwingine na ahadi nono, naye mwenye jengo anajiuliza kwa nini awalipe ada watu wa pointi wakati wageni wake wa Agosti wanafika kwa boti zao wenyewe na hawahitaji pointi.

Watu wa Dar hawahitaji kuelezwa sana. Ile hoteli ya Ohio Street iliyoanza kama Sheraton ikawa Royal Palm, ikawa Mövenpick, sasa ni Serena. Kilimanjaro ya pale baharini ilikuwa Kempinski, leo ni Hyatt Regency. Na Nairobi, mnara wa duara wa Hilton uliokuwa alama ya jiji tangu 1969 ulifunga milango mwisho wa 2022. Jengo hukaa, jina hupita.

Basi ufanye nini?

Kitu cha kwanza ninachofanya mimi, kabla hata ya kuangalia bei, ni kutafuta nani anamiliki jengo. Ni kazi ya dakika chache kwenye intaneti: andika jina la hoteli, kisha neno linalomaanisha mmiliki, ukiweza kwa Kiitaliano, maana magazeti ya biashara ya kule huandika mapema kuliko ya Kiingereza. Ukikuta jengo limeuzwa mwaka mmoja au miwili iliyopita, weka alama ya tahadhari. Ukikuta pia kwamba hoteli inapangiwa ukarabati mkubwa wa kufunga kabisa, hiyo ni tahadhari mara mbili, kwa sababu ukarabati mkubwa ndio wakati ambao wenye nyumba hubadilisha waendeshaji.

Kitu cha pili ni kalenda. Tovuti za makundi makubwa hufungua tarehe karibu mwaka mzima mbele. Hoteli nyingi za ufukweni Sardinia hufanya kazi kwa msimu, kuanzia majira ya kuchipua hadi Oktoba hivi. Kwa hiyo ingia kwenye app mwezi wa Oktoba au Novemba, ujaribu tarehe za Juni ijayo. Kama tarehe za msimu ujao hazipo kabisa, hata kwa pesa taslimu, usiridhike na jibu kwamba zimejaa. Piga simu hotelini moja kwa moja.

Hilo la simu nalisema kwa sababu lilinisaidia. Nilikuwa nimeweka nafasi kwa pointi kwenye hoteli moja ya kisiwani katika Mediterania, mimi na dada yangu mkubwa, ambaye hajawahi kufika Ulaya. Uthibitisho nilikuwa nao, namba ya nafasi ninayo, kila kitu kimekaa sawa. Wiki kadhaa baadaye nikapita kwenye app nikaona picha za hoteli ile zimeondolewa, limebaki jina tu. Nikapiga simu mapokezi. Dada aliyepokea aliomba namba yangu, akakaa kimya akitafuta, kisha akasema kwa upole: "Bibi, chumba ninakiona, lakini kuanzia mwezi wa sita hatutakuwa kwenye mfumo huo. Subiri barua pepe yao." Barua pepe ilikuja siku nyingi baadaye, fupi, ikisema pointi zimerudishwa kwenye akaunti na kwamba wanasikitika. Kufikia hapo nilikuwa nimeshahamisha mambo yangu. Kama ningesubiri barua ile, vyumba vya bei ya kueleweka kisiwani kote vingekuwa vimekwisha.

Kuna sababu ya nafasi za pointi kuathirika kuliko za pesa. Ukilipa pesa, hoteli inaendelea kupata faida kutoka kwako hata ikibadili jina, na mara nyingi mwendeshaji mpya huupokea mkataba wako kama ulivyo. Ukilala kwa pointi, hoteli hulipwa na programu ya pointi baada ya wewe kulala. Siku hoteli inapotoka kwenye kundi, hakuna wa kuilipa. Kwa hiyo ukiwa na nafasi ya pointi kwenye hoteli unayoitilia shaka, weka pembeni nafasi nyingine ya pesa inayofutika bila gharama, mahali pengine katika mji ule ule, na uishikilie mpaka siku ya mwisho ya kufuta bure. Na ujue kwamba hata kama watakupokea, hadhi yako ya uanachama haitahesabiwa tena: kifunguakinywa cha bure na kutoka saa kumi jioni vinakwenda na jina.

Halafu hili la kulimbikiza. Najua tulivyolelewa, kitu cha thamani kinawekwa kabatini kisubiri siku kubwa. Pointi haziwekwi hivyo. Bonvoy, programu ya pointi ya Marriott, hufuta pointi kama akaunti imekaa miezi 24 bila kitu chochote kuingia wala kutoka, na tangu 2022 hakuna tena jedwali la bei lisilobadilika. Hoteli ile ile leo inaweza kutaka pointi nyingi zaidi kuliko jana. Ukiwa nazo za kutosha, panga usiku tano mfululizo, kwa sababu ukilala tano kwa pointi, ule usiku mmoja wenye bei ndogo zaidi ya pointi haukatwi. Kwa Venice usiku tano ni muda mzuri, unaiona ikiwa tupu alfajiri, kabla ya wageni wa siku moja hawajashuka kwenye treni. Kama hazitoshi kwa tano, mimi huwa nawashauri watu walale usiku mbili tu kwenye nyumba ya kale na siku zilizobaki wakae kwa bei nafuu Mestre, ng'ambo ya daraja. Usiku mbili unazozipata zina thamani kuliko tano unazozingojea.

Nije kwenye viza, maana hapa ndipo mabadiliko ya hoteli yanapotuumiza sisi kuliko Mmarekani au Mwingereza ambao hawahitaji viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo. Faili letu lina uthibitisho wa malazi, na jina la hoteli liko pale. Maombi yanaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na wengi wetu tunatuma mapema ili tusibanwe. Kati ya siku ya kutuma na siku ya kusafiri, hoteli inaweza kutoka kwenye kundi. Usiogope, viza haifi kwa sababu umebadili hoteli. Lakini afisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza utalala wapi, kwa hiyo beba uthibitisho mpya uliochapishwa, wenye tarehe zote zisizoachana hata usiku mmoja. Mimi nilibeba pia ile barua pepe ya kufutwa. Pale uwanja wa Fiumicino, Roma, afisa alimtazama dada yangu, akauliza hoteli, akaisoma karatasi mpya kwa kidole mstari kwa mstari, akalinganisha tarehe na tiketi ya kurudi, akagonga muhuri. Ile ya kufutwa hakuiomba, lakini dada yangu alisimama wima kwa sababu alijua ipo kwenye mkoba.

Kama hoteli imebadilika wakati maombi yako bado yako mezani kwao, andikia kituo ulikopeleka maombi au ubalozi, ambatanisha uthibitisho mpya, na uweke nakala. Usikae kimya ukitumaini hawatapiga simu hotelini.

Jambo la mwisho ni pesa mkononi. Hata ukilala kwa pointi, Italia kuna kodi ya mji ya kila mtu kwa kila usiku, na hotelini wataidai siku ya kuondoka. Venice, tangu Aprili 2024, imeweka pia tozo ya kuingia mjini kwa wageni wa siku moja kwenye siku fulani za msimu. Ukilala hotelini ndani ya manispaa, Mestre ikiwemo, hulipi tozo hiyo, ila unapaswa kujisajili mtandaoni upate msimbo wa msamaha. Fanya hivyo ukiwa bado nyumbani, uupige picha uwe kwenye simu, maana wakaguzi husimama nje ya kituo cha treni na intaneti ya simu mpya uliyoinunua uwanja wa ndege huenda ikawa bado haijashika.