Kabla ya Uchaguzi wa 2027, Tafuta Mtu wa Kumpigia Simu Upande wa Pili

Kila uchaguzi unapokaribia, vijana hunijia wakitaka kujua mtu huingiaje katika kazi ya amani. Wengi wanawaza mikutano mikubwa, fulana zenye maandishi, viongozi wakishikana mikono. Mimi nimekuwa kwenye kamati ya amani ya wadi hapa Kaunti ya Nakuru tangu vurugu za 2008, na huwajibu kwa swali: una namba ya nani wa ile jamii nyingine, ambaye ukimpigia usiku wa manane atapokea na kukuamini? Kama huna, anzia hapo.

Tulijua thamani ya namba hiyo kwa uchungu. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza vurugu hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Waliohama makwao walizidi laki sita. Kofi Annan, Mama Graça Machel na Mzee Benjamin Mkapa walikuja kutusuluhisha, na tarehe 28 Februari 2008 Kibaki na Raila wakatia saini makubaliano ya kugawana madaraka. Nitawashukuru daima. Lakini saini ile iliwapatanisha wakubwa. Jirani aliyerudi akakuta mabati ya nyumba yake yameezekwa kwa mwingine, huyo alihitaji watu wanaoteka naye maji mto mmoja.

Watu wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, walikuwa wametutangulia katika hilo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kulikuwa na ukame, bunduki zilikuwa zikivuka mpaka baada ya serikali ya Somalia kuanguka 1991, na uchaguzi wa 1992 ukazidisha uhasama wa koo. Ilifika mahali mwanamke wa ukoo huu hawezi kumuuzia maziwa wa ukoo ule. Mwaka 1993 Dekha Ibrahim Abdi na wenzake wakaanza na jambo hilohilo: soko. Walikubaliana kila mwanamke auze na kununua bila kuulizwa ukoo wake, wakaweka kamati ya kuangalia kama makubaliano yanafuatwa. Ndipo wakawaendea wazee, na mazungumzo ya wazee yakaongozwa na mzee wa ukoo mdogo usiokuwamo kwenye ugomvi. Vijana wakafuata, kisha serikali. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki 2011 baada ya ajali ya barabarani. Mfano wao ndio uliozaa kamati nyingi za amani tunazoziona leo nchini.

Kwa hiyo ukitaka kujua hali ya wadi yako, nenda sokoni. Mama mboga akihamisha kibanda bila sababu ya biashara, muulize taratibu. Mpangaji akifunga virago katikati ya mwezi hali kodi ameshalipa, au bodaboda wakikataa kuvuka daraja fulani jioni, au watoto wakipelekwa kwa nyanya yao shule hazijafunga, hayo yote ni habari. Katika wadi yetu dalili za namna hii zimetangulia karibu kila mara, wiki nzima au zaidi kabla ya jiwe la kwanza. Andika ulichoona, tarehe na mahali, umpelekee katibu wa kamati. Usikitangaze kwenye kikundi cha WhatsApp.

Uvumi nao una namna yake. Jioni moja zilifika habari kwamba ng'ombe wameibwa na wamevushwa ng'ambo, na vijana wakaanza kukusanyika pale senta. Mama mmoja wa kamati yetu alimpigia mwenzake wa upande wa pili, ambaye alikwenda kwa miguu mpaka bomani kutazama. Ng'ombe wawili walikuwepo kweli, walikuwa wamepotea wakaingia shamba la watu. Chifu alihusishwa, mwenye ng'ombe akawachukua usiku uleule. Zingatia hapa: aliyepigiwa simu hakutoa maoni, alikwenda kuona. Ukiletewa neno, muulize mletaji, "Umeona wewe mwenyewe?" Ukishapata ukweli, rudi kwa yuleyule aliyekuletea, kwa sababu ndiye atakayeueneza. Ukisikia kuna silaha, hiyo si kazi yako tena. Mwarifu chifu na polisi mara moja, wala usiende kujaribu ushujaa.

Kuhusu uanachama, mgombea au wakala wake asikae kwenye kamati, hata kama ni mtu mwema. Na wanawake wawe wengi, tena wapewe simu na sauti. Azimio la Modogashe la 2001, makubaliano ya amani ya jamii za wafugaji, lililosaidia sana kutuliza Kaskazini Mashariki, liliandika fidia ya ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Naliheshimu azimio lile kwa damu lililozuia, lakini kipimo hicho sikikubali, na nadhani kisingeandikwa hivyo kama akina mama walioanzisha amani sokoni wangekuwa wengi mezani.

Jambo zito kuliko yote kwetu Bonde la Ufa ni ardhi. Kamati ya amani haina mamlaka ya kutoa hatimiliki, na isijifanye inayo. Hata hivyo, kumwambia mtu anyamaze kuhusu shamba lake ili tuwe na amani ni kumdhulumu mara ya pili, na madai ya namna hiyo ndiyo wanasiasa huyafukua kila miaka mitano. Ukiwa mwanakamati, jua ofisi ya msajili wa ardhi iko wapi na Mahakama ya Mazingira na Ardhi inakaa wapi. Msaidie mwenye malalamiko kukusanya karatasi zake sasa, kampeni hazijachacha, umsindikize mpaka apewe namba ya faili.